"Sista, amekula?": mpira wa pua, pampu na sirinji kwa watoto walio kwenye mashine ya pumzi

Saa ya kuona wagonjwa ikifika kuna swali moja sikosi kuulizwa, na si la mashine wala la damu wala la bili. Ni "sista, amekula?" Mtoto amelala na mipira mitatu minne mwilini, kifua chapandishwa na mashine, macho yamefungwa, lakini mamake akifika kitandani ataangalia ule mdomo uliokauka kisha anigeukie, amekula? Na mie silioni kama swali la kijinga, kusema kweli ni la maana kushinda mengi ambayo sisi wenyewe twaulizana kwenye raundi ya asubuhi, manake mtoto aweza kuwa oksijeni yake nzuri, presha nzuri, dawa zote zimeandikwa kwa saa yake, na tangu jana mchana hajapata hata nusu ya chakula alichopangiwa na hakuna aliyelisema.

Jibu ni kwamba yuwala, ila si kwa mdomo. Mtoto wa kwenye mashine ana mpira wa pumzi uliopita mdomoni ama puani ukapenya katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye njia ya hewa, na yuko na dawa za usingizi asije akauchomoa, kwa hio kumeza hapo hakupo. Twapitisha mpira mwengine mwembamba, kutoka puani mpaka tumboni, na chakula chapita humo. Mpaka hapo kila mtu aelewa. Mjadala waanza ukiuliza chapita vipi, kidogo kidogo mchana kutwa usiku kucha kwa pampu ama kwa mafungu kila saa tatu kwa sirinji? Kiishie tumboni ama kivuke kiende kwenye utumbo? Kianze leo leo ama tungoje mtoto atulie kwanza? Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja wodini wafika wakiwa tayari wana upande wao utadhani ni mashabiki wa Bandari na Gor uwanjani.

Mie msimamo wangu nautoa mapema. Njia karibu zote zafanya kazi ukizifanya sawasawa. Kinachowanyima watoto chakula ICU, yaani wodi ya mahututi, ni kusimamishwa, yaani chakula kimezimwa asubuhi kwa sababu nzuri kabisa, sababu ikaisha, na mpaka magharibi bado kimezimwa.

Lakini tuanze na mpira wenyewe manake hapo pana usalama wa mtoto. Unene wake wahesabiwa kwa namba, kila namba moja ni thuluthi ya milimita, kwa hio namba 6 ni milimita 2 na namba 12 ni milimita 4. Mtoto mchanga kabisa aenda na 5 au 6, wa mwaka mmoja miwili 8, mkubwa 10 au 12. Kabla ya kuutia waupima kwa nje, kutoka ncha ya pua hadi kwenye ndewe ya sikio, kisha ushuke hadi katikati ya ncha ya kidari na kitovu, hapo watia alama. Zamani, na kwengine hadi leo, ukishauingiza wapuliza hewa kwa sirinji huku umeweka stetoskopu tumboni, ukisikia ule mngurumo basi wasema umefika. Hio njia tuiacheni jamani. Kifua cha mtoto ni kidogo, sauti yasafiri, na hewa iliyopulizwa kwenye pafu yaweza kusikika vilevile kama ya tumboni. Kinachokubalika ni kuvuta maji ya tumbo na kuyapima kwa karatasi ya pH, yakiwa 5.5 au chini yake ni tumbo, usipopata maji ama namba ikiwa juu (dawa za kupunguza asidi huipandisha) basi eksirei ndio itaamua. Uingereza maziwa yakipitishwa kwenye mpira ulioko mapafuni ni kosa la lile kundi la makosa ambayo hospitali haitakiwi kuyafanya kabisa, hata mara moja. Na ujue mtoto aliyelazwa kwa dawa hakohoi kukuonya kwamba umekosea njia, na ule mpira wa pumzi haukulindi, huu mwembamba waweza kupita pembeni yake ukashuka nao.

Wengine twawapitishia mdomoni. Vichanga wadogo hupumulia pua zaidi, ukiiziba tundu moja kwa mpira wawapa kazi mara mbili, japo akiwa kwenye mashine hio hoja yapungua nguvu. Na mtoto wa ajali, hawa wa bodaboda tunaowapokea kila wikendi, ikiwa pana shaka mfupa wa chini ya fuvu umevunjika basi pua haiguswi, mpira waweza kupanda juu badala ya kushuka na hapo ni ubongo.

Kitu chenyewe si cha leo hata kidogo. Mwaka 1790 daktari mpasuaji wa London aitwaye John Hunter alimlisha mgonjwa asiyeweza kumeza kwa mpira aliouunda kwa ngozi ya mkunga, mkunga wa baharini si wa kuzalisha, akaivika kwenye mfupa wa nyangumi. Nikiwasimulia wanafunzi wakunja nyuso, ila mgonjwa alikula.

Haya, tumboni ama kwenye utumbo. Tumbo ni kama tangi la juu ya nyumba, lapokea kwa wingi na kuteremsha kidogo kidogo, utumbo ni bomba tu. Ndio sababu ukipitisha mpira hadi kwenye utumbo huwezi kulisha kwa mafungu, mtoto ataharisha, tumbo litamsokota na sukari itapanda na kushuka, ni lazima iwe pampu taratibu. Faida inayosemwa ni kwamba chakula kikiwa mbali na tumbo hakirudi juu kikaingia mapafuni. Ukiisikia hivyo yaingia akilini kabisa. Sasa mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa watoto 74 walio kwenye mashine, wengine tumboni wengine utumboni, na wa utumboni walipata kalori zaidi ni kweli, lakini kile cha chembe za chakula kuponyokea mapafuni hakikupungua. Na kuufikisha mpira huko nako si kazi ndogo, mara wahitaji mtu mwenye mkono mzoefu, mara eksirei ya pili na ya tatu, mara umefika salama usiku ukarudi wenyewe tumboni, na muda wote huo mtoto yuangoja kula. Muongozo wa madaktari wa ICU za watoto wa Ulaya wa 2020 wasema tumboni ni salama sawa na utumboni kwa watoto wengi, utumbo uwekee yule ambaye tumbo limekataa kushusha ama hatari yake ya kutapika ni kubwa. Nami nakubaliana nao.

Pampu ama sirinji, huu ndio wenye kelele. Wa pampu wasema mtoto mgonjwa tumbo lake ni dhaifu, mpe taratibu. Wa sirinji wasema binadamu hali masaa ishirini na nne mfululizo, tumbo lataka lijae lipumzike, homoni zake zaenda hivyo, na misuli yajenga protini vizuri ikipokea kwa vipindi. Wote wana akili. Ule muongozo wa 2020 ulipopitia tafiti zilizopo ukasema ushahidi hautoshi kumpa mmoja ushindi, kwa hio ukiona mtu aapa kwa moja basi ni mazoea ya alikosomea. Mie hapa Mombasa nikiangalia hali yetu naegemea sirinji kwa mtoto ambaye tumbo lake latulia. Pampu hazitoshi na zilizopo zagombewa na dawa za kupandisha presha na za usingizi ambazo kamwe huwezi kuzikadiria kwa macho, stima ikipotea pampu yenye betri iliyochoka yazima na kupiga kelele katikati ya kelele nyengine zote, na maziwa ya mama yakikaa kwenye mrija mrefu wa pampu ile mafuta yake yajitenga na kuganda kwenye kuta za mrija. Mafuta ndiyo yenye kalori! Mtoto aandikiwa mililita zote kwenye chati kumbe nguvu imebaki kwenye plastiki. Ukilazimika kuyapitisha kwa pampu ya sirinji basi iinamishe mdomo wake uangalie juu, mafuta yapanda na kutoka mwanzo, na mrija uwe mfupi. Halafu joto letu hili, Februari wodi ambayo AC yasuasua, maziwa kuning'inia masaa mengi ni kufuga vijidudu.

Ila mtoto anayetapika kila fungu, ama mapafu yamebana hadi tumbo likijaa tu oksijeni yashuka, huyo mpe pampu na usione haya. Na sirinji nayo ina adabu yake, ile ya mililita 50 yatolewa fimbo ya kusukumia, yashikwa juu kidogo ya mtoto, maziwa yashuke kwa uzito wake, ichukue dakika ishirini hivi, kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Nimeona watu wasukuma kwa kidole gumba dakika mbili kisha wasema "sirinji huwatapisha watoto", si sirinji hio ni haraka yako. Ukimaliza suuza kwa maji kidogo, mpira ulioziba ni mpira wa kutolewa na kutiwa upya na hayo ni masaa mengine ya njaa.

Sasa hesabu, manake bila hesabu mambo haya ni hisia tu. Chukua mtoto wa mwaka mmoja, kilo 10, mvulana. Nguvu anayotumia akiwa amelala tu, kwa fomula ya WHO, ni uzani mara 60.9 utoe 54, yapata kalori 555 kwa siku. Akiwa kwenye mashine na dawa za usingizi siku za mwanzo ndio kiwango chenyewe hicho hicho, hachezi hakimbii, hata kazi ya kupumua yafanywa na mashine, kwa hio yale ya zamani ya kumuongezea kwa vile ni mgonjwa sana yameachwa, ukimshindilia waongeza hewa chafu ya kutoa na kumtoa kwenye mashine kwawa kugumu. Protini ndio usikose, muongozo wa Marekani wa 2017 wasema angalau gramu 1.5 kwa kila kilo, yaani gramu 15 kwa huyu wetu, manake bila protini mwili waula misuli yake wenyewe, na kiwambo cha kupumulia ni msuli.

Haya tumpe. Maji ya kawaida ya mtoto wa kilo 10 kwa siku, kwa ile hesabu ya Holliday na Segar ya 1957 ambayo kila daktari wa watoto aijua, ni lita moja. Lakini mtoto wa kwenye mashine hujaza maji, mapafu yalowa, kwa hio daktari apunguza, tuseme mililita 650. Ndani ya hizo 650 toa antibayotiki, toa dawa za usingizi zinazopita kutwa, toa za presha, toa maji ya kusuuzia mirija, zapotea 250 hivi hivi. Zimebaki 400 za chakula. Maziwa ya mama yana kalori kama 67 kwa kila mililita 100, kwa hio akizipata zote mia nne, hakuna tone lililomwagika, atapata 268. Hata nusu haijafika! Protini ndio usiseme, gramu kama 4. Kwa hio hapo mtaalamu wa lishe ndipo anapopata mshahara wake kwa haki, aongeza kirutubisho kwenye maziwa, ama apanga chakula kizito cha kalori 100 kwa mililita 100, hapo angalau zawa 400, na amuomba daktari azimue dawa kwa maji machache. Lengo lililowekwa ni afike thuluthi mbili ya nguvu yake kabla ya wiki ya kwanza kwisha, kwa huyu wetu kalori 370 hivi, kwa hio 400 zatosha kwa mwanzo. Protini itabidi iendelee kutafutwa.

Na hizo 400 ni kwa siku ambayo hakuna aliyezima chochote. Siku hio wodini mie siijui.

Utasikia NPO, mtoto asipewe kitu, aenda kupigwa CT scan saa nne. Sawa. Lifti ina shida, foleni ya CT ni ndefu, yasogezwa saa nane, saa nane yaja kesi ya dharura, asukumwa mpaka kesho. Mtoto alizimiwa alfajiri. Ama kesho twamtoa kwenye mashine, tumbo liwe tupu, azimwa usiku, asubuhi gesi za damu haziridhishi, haya basi hatumtoi leo, na kila mtu aenda zake, sirinji ya chakula yabaki imelala kwenye trei. Ama tyubu imeziba na yangojwa nyengine kutoka stoo. Ama shifti imebadilika na wa kuondoka alidhani wa kuingia amejua. Kwa yule mtoto wa mililita 400, kwa mafungu ya saa tatu ni 50 kila mara, kwa pampu ni karibu 17 kwa saa. Kumzima masaa tisa ni kumnyima 150, zaidi ya thuluthi ya siku nzima, na hapo hakuna aliyekosea ukimuangalia mmoja mmoja.

Na usidhani ni sisi tu wa huku kwetu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa ICU 31 za watoto katika nchi 8, watoto 500 waliokuwa kwenye mashine zaidi ya siku mbili. Chakula kilichoandikwa kilikuwa cha kutosha, kalori 64 kwa kilo. Kilichofika tumboni kwa wastani ni asilimia 38 ya kalori na asilimia 43 ya protini. Hospitali za watu wenye pampu kila kitanda! Na waliopata zaidi kwa njia ya tumbo walikufa wachache. Utafiti wa kuangalia tu hauwezi kukuhakikishia kuwa ni chakula kilichowaokoa, mtoto mahututi zaidi ndiye pia anayezimwa zaidi, hilo nalijua, lakini asilimia 38 ni asilimia 38.

Dawa yake haina teknolojia. Andika siku kwa mililita, usiandike kwa saa. Ukiandika 17 kwa saa, masaa yaliyopotea yamepotea. Ukiandika 400 mpaka kesho asubuhi, wa zamu ajua amebakiwa na ngapi na azigawa kwenye masaa yaliyosalia, kwa kiasi ambacho tumbo lastahimili. Na anayezima aandike saa ya kuwasha tena hapo hapo, jina na sahihi. Wodi ninazozijua zilizofanya hivyo, ugomvi wa pampu na sirinji ulijifia wenyewe.

Kuna kitu chengine chazima chakula bila haja, ile kuvuta masalio. Kabla ya kila fungu muuguzi avuta tumboni aone kimebaki nini, akikuta kingi kuliko alichofundishwa asimamisha. Shida ni kwamba kiasi hicho chategemea ukubwa wa sirinji, mtoto amelala ubavu gani, mpira una matundu mangapi na uko wapi, na hakuna namba moja iliyothibitika kwamba juu yake ni hatari. Muongozo wa Ulaya wasema usiyapime kila mara kwa mazoea. Angalia tumbo limefura na kukaza? Atapika? Aharisha? Masalio ni ya kijani ama yana damu? Hayo ndio ya kuita daktari. Najua kuna wenzangu hili haliwaingii, mkono umezoea, hata mie mkono wanivuta.

Hofu nyengine ni ya kuanza. Siku ya kwanza mtoto ana dawa za presha, amelegezwa misuli, watu wasema matumbo yamelala. Kumbe kile kilegezo chagusa misuli ya mifupa, utumbo waendelea na kazi zake, wanaopunguza mwendo wa tumbo zaidi ni dawa za maumivu za jamii ya mofini. Akishatengemaa, yaani presha haipandi na kushuka na dozi haziongezwi kila dakika, anzishwa ndani ya masaa 24 hadi 48, hata kama ni matone tu ya kuuamsha utumbo. Mtoto ambaye shoki bado yampeleka huko na huko huyo subiri, utumbo usio na damu ya kutosha ukiupa kazi waweza kuoza.

Jamaa hapo husema "basi mumpe ya dripu". Kuna dripu na dripu. Ile chupa ya maji ya sukari asilimia 5 mnayoiona imening'inia, nusu lita nzima ina kalori kama 85 na protini sufuri. Iko ile ya chakula kamili cha mshipani, ghali, yataka uangalizi mkali, na hata wenye uwezo nayo waliambiwa wasiikimbilie, utafiti wa PEPaNIC wa 2016 wa watoto 1440 katika Ubelgiji, Uholanzi na Kanada ulikuta walioongezwa chakula cha mshipani mapema walipata maambukizi mapya asilimia 18.5 na waliosubirishwa wiki nzima 10.7. Tumbo likifanya kazi, litumie.

Mtoto aliyekuja amekonda tayari, huyu ana sheria zake, na Pwani twawapata wengi hasa ukame ukipiga huko bara ya Kilifi na Tana River. Huyo ukimpa kalori kamili siku ya kwanza kwa huruma waweza kumuua, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yaingia kwenye seli ghafla, damuni yashuka, moyo wayumba. Ndio maana yuaanzwa na F-75, maziwa ya tiba ya utapiamlo, yenye kalori 75 kwa mililita 100, kwa vifungu vidogo kila saa mbili au tatu, F-100 yaja baadaye. Hata hio F-75 yafanyiwa utafiti hapa hapa petu, 2019 yalitoka matokeo ya watoto 843 wa Kenya na Malawi, wakiwemo wa Kilifi na Mombasa, waliojaribiwa aina yenye wanga mchache na isiyo na laktosi, na haikuharakisha nafuu. Hawakuwa wa kwenye mashine hao, lakini funzo la kwenda taratibu ni lile lile.

Sasa nyinyi wa nyumbani. Uji wa wimbi mliokuja nao kwenye flaski, najua umepikwa kwa mapenzi na umevushwa feri kutoka Likoni ungali moto, lakini haupiti kwenye mpira wa milimita mbili na nusu, na ukipita utaganda ndani. Supu ya pweza pia hapana, hata ikichujwa mara tatu, chumvi yake hatuijui. Asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapana kabisa, yaweza kubeba mbegu za sumu inayolegeza misuli. Habasoda hapana. Maji ya zamzam na kombe (maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji ya kunywa) mie siyapigi vita, na mama akiniletea kikombe cha kombe alichoandikiwa na shehe pale Mji wa Kale simrudishi nacho, ila hayaingii kwenye mpira wa pua bila daktari kujua, manake zafarani na wino wa nani sijui, na kila mililita hapo ina hesabu yake mmeiona juu. Twaomba ruhusa, mama achovya pamba apake midomo, mdomo wenyewe wataka kuloweshwa. Dua haihitaji mpira.

Kitu kimoja mwaweza kutuletea na tukakipokea kwa mikono miwili ni maziwa yako mama. Kamua kila saa tatu, na usiku pia, hata kama mtoto hapokei leo, la sivyo yatakauka na akiamka hayako. Chombo safi chenye mfuniko, andika jina, tarehe na saa. Yakiwa nje kwa joto la nyuzi 25 yakaa masaa manne, na joto letu lapita hapo, kwa hio tia kwenye kasha la barafu moja kwa moja, kwenye friji ni siku nne. Wengine waniuliza kuhusu maziwa ya kuchangiwa, Kenya benki ya kwanza ya maziwa ya mama ilifunguliwa Pumwani, Nairobi, 2019, na kwa Waislamu lile suala la watoto kuwa ndugu wa ziwa si dogo, ongeeni na shehe wenu mapema kabla ya dharura, msiniachie mie jibu hilo.

Na badala ya "amekula?" niulize "amepata mililita ngapi kati ya ngapi?" na chakula kikiwa kimezimwa niulize chawashwa saa ngapi. Hatukasiriki. Anayekasirika huenda hana jibu, na hapo ndio vizuri zaidi kuwa umeuliza.

Siku akitolewa kwenye mashine msimletee juisi ya ukwaju na mahamri mkampa nikigeuka. Koo limekaa na mpira siku nyingi, limevimba, sauti imekauka, na kumeza kwaweza kuwa kumesahau njia, chakula kikateleza mapafuni akarudi alikotoka. Twangoja kwanza, kisha twajaribu kwa kijiko cha maji akiwa amekaa wima tukisikiliza kikohozi, na mpira wa pua wabaki mpaka anachokula kwa mdomo kihesabike kinatosha. Wengi ni siku chache. Wachache, hasa walioumia ubongo, zapita wiki nne hadi sita na bado hamezi, hao ndio twaanza kuwazungumzia tundu la tumboni. Lile la kutiwa kwa kamera bila kupasuliwa lilifanywa mara ya kwanza 1979 huko Cleveland, Marekani, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtoto wa miezi minne na nusu. Hio ya tundu yataka posti yake peke yake, na afadhali iandikwe na mama anayelisha mtoto wake hivyo nyumbani kila siku, kuna mmoja wa Bamburi nishamuomba, akikubali ntampisha.